Sufuria Iliyokataa Chumvi

Chumvi ilikuwa ileile. Nalisema hili mapema kwa sababu kila anayesikia habari hizi hukimbilia kusema chumvi ilikuwa mbovu, na mimi sina nguvu za kubishana. Ilitoka kwenye pakiti ileile, ikashikwa na vidole vilevile. Alfajiri dada mmoja mpishi aliitia kwenye supu katika kantini ya kiwanda cha sabuni, na wafanyakazi waliotoka zamu wakainywa mpaka wakainua bakuli juu ya pua. Mchana akaitia kwenye maharage ya nyumbani kwao, akakoroga, akaonja, akaongeza, akaonja tena, na maharage yakabaki chapwa kama yaliyochemshiwa mgonjwa.

Kule kantini walimwita Onja, kwa sababu hakuna aliyepita karibu na sufuria yake bila kuchomekewa kijiko mdomoni. "Hebu onja. Onja uniambie." Jina likamfuata mpaka mtaani, likaingia naye ndani, na mwishowe hata baba yake akamwita hivyo. Alikuwa mtu mzima, mwenye mikono mipana na mdomo usiokopa, na kazi yake aliijua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia amesahau chumvi, umemtukana ukoo mzima.

Mwanzoni alijilaumu mwenyewe. Mama yake alikuwa amezikwa juzijuzi tu, na mtu mwenye msiba hasikii ladha, kila mtu anajua. Akasema ulimi wangu umekufa ganzi, utarudi. Lakini ulimi uleule asubuhi ulikuwa unapima supu ya watu mia bila kukosea! Hapo ndipo alipomwita jirani.

Jirani alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke asiyejua kunong'ona hata msibani. Alikuja na bakuli lake, akajipakulia bila kubembelezwa, akala kijiko kimoja, akamkazia Onja macho.

"Mwenzangu, hii chumvi yako imeacha kazi?"

"Jitilie mwenyewe," Onja akasema, akamsogezea kibakuli.

Jirani akatia. Akala, akakunja uso, akatia tena, sasa kwa kijiko. Alikuwa anacheka, akisema leo ataumwa na kiu kama ng'ombe. Kisha akaonja, na kicheko kikamkauka. Akakiweka kijiko chini polepole, kama vile kinaweza kumuuma.

"Hii niliyotia ingetosha kuozesha meno," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo wote wawili wakasikia ndala. Shwa, kimya, shwa. Zilikuwa kwenye mlango wa mbele, za mtu asiyekuja wala asiyeondoka, mtu anayebadilisha mguu tu.

"Nani yule?"

"Hakuna mtu," Onja akajibu.

Jirani hakuuliza mara ya pili. Alitokea mlango wa nyuma, bakuli akaliacha, na tangu siku ile saa za chakula cha mchana alisalimia akiwa upande wa pili wa ua, kwa sauti kubwa kupita zamani, ili sauti nyingine yoyote isipate nafasi ya kusikika.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake moja, na bila kuijua desturi hiyo hamtaelewa lolote. Mama wa pale hakutia chumvi jikoni, hata siku moja. Alipika kila kitu bila chumvi, akaibeba sufuria ikiwa imefunikwa, akaitua juu ya meza, akasimama na kitambaa chake begani, akauliza, "Tumetimia?" Na wote mezani mlijibu, "Tumetimia." Kama mmoja hayupo, mlisubiri. Awe yuko shule, awe chooni, awe amekasirika amejifungia chumbani, mlisubiri huku matumbo yakinguruma. Mkishatimia ndipo mama alipita na macho uso kwa uso, akachovya vidole kwenye kibakuli cha chumvi. Alisema hawezi kuwatilia watu chumvi bila kuwaona. Aliyeshinda juani anahitaji zaidi. Aliyetoka kulia anahitaji kidogo, anayo yake. Watoto walimcheka sana kwa hilo. Mtoto wa kwanza, kaka yake Onja, alikuwa akipaka mate chini ya macho ili aone kama mama atadanganyika, na mama alijifanya amedanganyika, akampiga kofi la mgongoni.

Wakakua hivyo. Onja akaenda kantini, kaka akafungua duka la kukata vioo, na bado mchana wote wanne walirudi kwenye ile meza. Meza yenyewe ilitengenezwa na baba, ambaye ni seremala, mwaka aliooa. Aliipiga randa kwa mkono kwa sababu hakuwa na mashine, na hata leo ukiipitishia kiganja utasikia mawimbi madogo ya ile randa.

Sasa angalia kosa lilivyo dogo. Siku moja kaka alirudi na njaa inayotia kizunguzungu. Baba alikuwa bado anaoga. Sufuria ipo mezani, mama ameingia jikoni kufuata sahani. Kaka akafunua, akajipakulia, akajitilia chumvi mwenyewe, akaanza kula amesimama. Kwenu pengine jambo hilo lingeisha kwa kicheko. Baba alitoka bafuni na taulo shingoni, akamkuta, akasimama.

"Umeshakuwa mtu wa kujitosheleza," akasema. "Basi nenda kajitoshelezee kwako. Meza hii hukai tena."

Na kaka, jamani, kaka naye na ule ulimi wa ukoo, akajibu mdomo umejaa, "Meza gani? Si ubao tu huo."

Kumwambia hivyo seremala! Baba hakumpiga. Laiti angempiga, yangeisha. Alikaa tu, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza kama anaizuia isisikie. Kaka akatoka.

Kesho yake mama alipika, akaitua sufuria, akauliza kama kawaida. Baba na Onja wakanyamaza. "Hatujatimia," mama akajijibu mwenyewe. Akamgeukia mumewe. "Nenda kamwite mwanao."

"Ana miguu."

"Nawe unayo."

Baba hakuinuka. Mama akaenda mlango wa mbele, akaufungua, akasimama pale akiangalia njia, mkono mmoja kwenye fremu. Magoti yake yalikuwa mabaya, yamevimba miaka mingi. Kila jioni aliyapaka dawa ya kuchua yenye harufu kali inayoingia mpaka kwenye mashuka. Kwa hiyo hakuweza kusimama akatulia, alibadilisha mguu huu, mguu huu. Onja alimpelekea kiti. Akakikataa. "Nikikaa ataona nimekata tamaa," akasema. Chakula kikapoa. Akaendelea kusimama. Kisha mkono wake ukateleza kwenye fremu, taratibu, na walipofika alikuwa chini, kitambaa kingali begani.

Daktari alisema ni moyo. Moyo, naam. Nani alibisha?

Baada ya mazishi ndipo mambo yalipoanza. Kila sufuria ilipotua mezani, mlango wa mbele ulikuwa wazi. Onja aliufunga kwa komeo, akaenda jikoni, akarudi, akaukuta wazi. Harufu ya dawa ya kuchua ilipita juu ya harufu ya kitunguu. Zile ndala zilisikika pale kizingitini, shwa, kimya, shwa. Na chumvi haikukolea, wala kwenye maharage, wala kwenye viazi, wala kwenye mchuzi wa nyama aliouunga kwa nyanya na tangawizi mpaka mtaa mzima ukageuza pua. Ladha nyingine zote zilikuwepo. Chumvi peke yake haikuwepo, kama kiti kilichoondolewa mezani.

Aliogopa, ndiyo. Siku za kwanza alipika mgongo ukiwa ukutani. Lakini kumwogopa mama yako mwenyewe ni kazi ngumu, huiwezi muda mrefu. Hofu ilimwisha, pakabaki huzuni tu, na huzuni ile ilimkaa kifuani kuanzia asubuhi.

Kilichomtia woga wa kweli ni baba. Siku ya kumaliza matanga, kaka alikuja. Walikuwa wamekaribia kabisa kukaa wote watatu. Kaka ameshavuta kiti, Onja ameshafunua sufuria. Ghafla baba akainuka, akachukua sahani yake, akaingia chumbani na kujifungia. Kaka akasema, "Umeona? Hataki hata kuniona." Akaondoka zake. Tangu hapo baba alikula chumbani, kaka alikula dukani kwake chakula cha kununua, na Onja alikula peke yake kwenye meza ya watu wanne. Baba akawa anakonda mbele ya macho yake. Mtu aliyekuwa akigomba kwa ajili ya kitunguu kilichoungua, sasa alikula vijiko vichache vya chakula chapwa, akarudisha sahani na kusema asante. Asante! Onja alitamani amtupie ile sahani usoni, ili mradi agombe.

Mchana mmoja alikuwa peke yake. Akaitua sufuria, akafunua, na kwa mazoea tu, mdomo ukatangulia akili, akauliza ile nyumba tupu, "Tumetimia?"

"Bado," sauti ikajibu kutoka mlangoni.

Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka, basi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo hilohilo mara nyingi mno.

Onja alikaa chini sakafuni akalia mpaka kwikwi zikamshika. Kisha akaosha uso, akafunika sufuria, akaenda kumtafuta kaka yake. Alishaelewa. Mama hakuwa amemaliza kupika. Chakula cha siku ile bado kilikuwa mezani, bado hakijatiwa chumvi, na hakitatiwa mpaka watu wa nyumba ile watimie. Na baba angekwisha kabla ya hapo kama hakuna atakayewasukuma.

Duka la vioo lilikuwa na mwanga mkali wa kuumiza macho. Kaka alikuwa ameinamia kioo kikubwa cha dirisha, anakipitishia kile kisu chake chenye kigurudumu kidogo, kriii, mstari mmoja ulionyooka.

"Njoo kesho mchana ule nyumbani," Onja akasema bila hata kusalimia.

"Siwezi kula kwa mtu aliyenifukuza. Niondolee maneno yako."

"Mama yuko mlangoni."

Kaka alikuwa anataka kukivunja kioo kwenye ule mstari, kazi anayoifanya kila siku akiwa anapiga soga. Kikavunjika kwingine kabisa, kipande kikaangukia kwenye viatu vyake. Hakukitazama.

"Dada, usinichezee na hilo."

"Nacheza? Uso huu unacheza?"

Alikaa juu ya kreti la misumari. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya baba, na sasa mabega yale yalishuka. Kwa muda alikuwa akichambua vumbi la kioo kwenye mikono yake.

"Nilimwona," akasema.

"Umemwona lini?"

"Siku ile. Nilikuja, Onja. Nilifika mpaka pale kona, nikamwona amesimama mlangoni ananisubiri. Nikasema, acha asimame kidogo. Acha yule mzee amwone mkewe anavyosimama, aone aibu, aje mwenyewe kuniita. Nikageuka. Nikaenda kunywa chai." Akakunja ngumi, akazikunjua. "Chai, dada yangu. Nikamalizia kikombe."

 Mengine hayana pole. Onja alimwekea mkono kichwani, kama mtoto, mkubwa wake yule, akauacha hapo mpaka pumzi zake zikatulia.

"Njoo kesho," akarudia. "Pita kando yake pale mlangoni."

Kesho yake alipika maharage, kwa sababu maharage ndiyo yaliyokuwa mezani siku ile. Aliyapika kwa hasira na mapenzi pamoja, akikaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya udongo, akiponda nyanya kwa mkono. Akaandaa mkate. Akafuta meza. Akaitua sufuria, na mlango wa mbele, aliokuwa ameufunga mwenyewe, ulikuwa wazi.

Kaka alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, kama anakwenda kuposa. Alipofika kizingitini alisita. Kisha, bila mtu kumwambia, akajikunyata, akapita kiubavu, jinsi mtu anavyompisha mtu mwingine kwenye mlango mwembamba. "Samahani, Mama," akanong'ona. Akakaa kwenye kiti chake, jasho linamtiririka.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Baba akatoka na sahani yake mkononi. Akamwona mwanawe. Uso wake haukuonyesha hasira hata kidogo. Ulionyesha woga, na Onja alishangaa sana.

"Shikamoo, Baba," kaka akasema, akisimama nusu.

"Marahaba. Onja, nipakulie."

"Baba, kaa."

"Nipakulie, nimesema."

"Baba, amekuja. Amekuja kwa miguu yake. Kaa ule na wanao!"

Baba akachukua upawa mwenyewe, akajipakulia, akageuka, akaingia chumbani. Hapo Onja alipandwa na mori. Ya baba na heshima zake aliyaweka kando. Alimfuata, akausukuma ule mlango ambao hakuwa ameupita tangu matanga, kinywa kimejaa maneno ambayo binti hamwambii baba yake.

Hakuyasema. Kiti cha baba kilikuwa kimewekwa dirishani, na dirisha lile linatazama kizingiti cha mbele. Shuka la kitandani upande wa mama lilikuwa limetandikwa vizuri. Baba alikuwa ameshakaa, sahani magotini, macho nje.

"Rudisha mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Utamshtua."

Onja akasogea, akaangalia pale baba anapoangalia.

Alikuwa amewapa mgongo. Gauni lake la bluu, lile lililopauka mabegani kwa jua la kuanikia. Kitambaa begani. Mkono kwenye fremu. Onja aliona mpaka visigino vyake vilivyopasuka kwenye ndala.

"Kila siku anakuja," baba akasema. "Sufuria ikitua tu, anakuja. Nakula naye. Siku ile ya matanga tulipotaka kukaa wote nikasikia harufu ya dawa yake inapungua, inapungua kama moshi. Nikajua. Tukitimia, anaondoka. Ndiyo maana niliinuka." Akachota kijiko cha maharage, akameza bila kutafuna. "Nyie mnadhani nina kinyongo na yule kijana. Kinyongo kiliisha kaburini. Nakula chapwa, basi. Nitakula chapwa mpaka nife. Kuna ubaya gani?"

Sitaki kuwadanganya: Onja alishawishika. Moyo wake wote ulisema vuta kiti, kaa hapa na baba yako, mwangalieni pamoja. Mwache kaka yako akae peke yake huko mezani. Kesho utapika tena, na kesho kutwa, na mama atakuja kila mchana maadamu kuna mtu mmoja wa kukosekana. Ni nani asiyetaka hivyo? Aliushika ukingo wa kiti kabisa.

Kisha yule mtu wa mlangoni akabadilisha mguu. Alifanya hivyo taratibu, kwa kuegemea fremu, na kabla hajaukanyaga ule wa pili aliukunja kidogo hewani, kuupumzisha. Akaukanyaga. Baada ya muda akarudi kwa ule wa kwanza.

"Baba," Onja akasema. "Magoti yake."

Baba akakishusha kijiko.

"Unamwona anavyofanya. Siku zote hizi sisi tumekaa. Tumelala, tumeamka. Yeye hajakaa tangu siku ile."

"Akitaka kukaa si akae tu. Nani kamkataza?"

"Wewe. Unamsimamisha wewe, Baba."

Ilikuwa kauli mbaya, na Onja aliijutia palepale, lakini ilikuwa imeshatoka na ilikuwa kweli. Baba aliiangalia sahani yake. Mdomo wake ulianza kucheza wenyewe, kama wa mtoto anayejizuia.

"Na mimi nitabaki na nani?" akauliza.

"Na sisi."

"Nyie siyo yeye."

"Hapana," Onja akasema. "Siyo yeye."

Laiti angemdanganya, nadhani asingeinuka. Alikaa akatazama nje kwa muda mrefu, uso umegandamana na kioo, akimwangalia mkewe kama mtu anayekariri kitu. Akasema neno ambalo Onja hakulisikia, wala halikuwa lake kulisikia. Kisha akasimama, akashika sahani yake kwa mikono miwili, akatoka.

Alikaa kwenye kiti chake. Kaka, aliyekuwa hajagusa kitu, akaweka mikono chini ya meza. Hawakutazamana. Onja akabaki amesimama karibu na sufuria, kibakuli cha chumvi mkononi, akataka kuuliza lile swali. Hakuweza. Kila alipofungua mdomo, ulitoka upepo.

Baba ndiye aliyeuliza, yeye ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kujibu. Aliuliza akiwa ameiangalia meza.

"Tumetimia?"

"Tumetimia, Baba," kaka akasema.

"Tumetimia," Onja akasema.

Ndala zikasikika. Safari hii zilikuja. Shwa, shwa, shwa, kutoka mlangoni, zikipita nyuma ya kiti cha kaka, ambaye alifumba macho, zikipita nyuma ya baba, ambaye hakuyafumba. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba. Kiti cha nne, ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa, kikalia chini ya uzito, na juu yake ikashuka pumzi ndefu, ile ambayo kila mtu wa nyumba ile aliijua, ya mwanamke anayekaa baada ya kazi za kutwa nzima. Aah.

Onja akawaangalia nyuso. Baba alikuwa amekauka, anahitaji zaidi. Kaka alikuwa na maji mengi machoni, anahitaji kidogo. Upande wa kiti cha nne hakuthubutu kutazama, ila aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima. Akachovya vidole, akatia, akakoroga, akafunika. Wakasubiri. Akapakua sahani nne, na hakuna aliyemuuliza kwa nini nne.

Baba akamega mkate, akachovya, akala. Akasimamisha taya. Akafunika macho kwa kiganja.

"Yamekolea," akasema.

Yalikuwa yamekolea kweli. Yalikuwa maharage tu, jamani, ya kitunguu na nyanya, na kaka alikula akiguna kama mtu anayebeba mzigo. Walikula polepole, machozi na makamasi yakiwatoka bila aibu, na jinsi sahani zilivyopungua ndivyo walivyozidi kupunguza mwendo. Tonge likawa dogo, kisha dogo zaidi. Baba aligawa upya kilichobaki kwenye sufuria ili kisiishe. Akakikwangua. Wakamegeana mkate mpaka ukawa makombo, wakayaokota makombo kwa ncha za vidole, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize kwanza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Lakini chakula huisha. Wakaikosa ile harufu, wakasikilizia, wakasikia cherehani ya jirani tu upande wa pili wa ua. Sahani ya nne ilikuwa imejaa vilevile, imepoa. Kiti kilikuwa kiti.

Kaka akainuka kuondoka, akasimama pale asijue kama aseme kwaheri au aseme samahani, akikunja mikono ya shati lake na kuikunjua. Baba hakumwangalia. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya ubao wa meza, mbele, nyuma.

"Kesho usichelewe," akasema.

Na kaka, ambaye hata makaburini hakulia, alirudi akakaa kwenye kiti chake, akaweka paji la uso juu ya meza ya baba yake, akalia.